Mtu Ameomba Ratiba, Tumempa Kabati Zima



Ndugu msomaji, safu hii huandikwa na mtu ambaye kazi yake kubwa katika kamati ya msikiti ni kutunza karatasi za watu: risiti za michango, hati ya kiwanja, majina ya watoto wa madrasa, barua za serikali ya kijiji, na orodha ya wale wanaofikiwa na zakatul-fitri kila unapokaribia mwezi wa Shawwal. Juma hili tunaandika juu ya kosa letu wenyewe. Mzee mmoja aliyeumizwa na kosa hilo ametuomba tuliandike ili wengine wasilirudie, naye ametupa sharti moja: "Andika, mwanangu, lakini usiandike kijiji." Basi kijiji hatutakiandika, na mengine machache tutayapita kimya kwa sababu hiyohiyo.

Zilikuwa siku za mwisho za Shaaban, mwaka uliopita. Vijana walikuwa wakiomba ratiba ya Ramadhani. Kwetu ratiba hiyo si jambo dogo. Nyingi zinazosambazwa katika simu hupangwa kwa jua la Dar es Salaam, ilhali jua la Karagwe na Kyerwa huzama baada ya lile la Dar es Salaam kwa takribani nusu saa, kwa kuwa tuko mbali upande wa magharibi kwa karibu nyuzi 8. Anayefuturu Nkwenda kwa ratiba ya Kariakoo anafuturu jua likiwa bado juu ya migomba. Kwa hiyo kamati yetu hutengeneza ratiba yake, na faili lake lilikuwa limehifadhiwa katika folda ya kamati kwenye Google Drive.

Tulikuwa tumeketi katika duka la steshenari pale Omurushaka tukisubiri nakala za muhtasari wa kikao. Simu ilikuwa imebakiwa na chaji kidogo, na vijana walikuwa wameandika kwa mara ya nne, "Katibu, ratiba." Tukafungua Drive, tukabonyeza alama ya kushiriki, tukachagua kwamba yeyote mwenye kiungo aruhusiwe kutazama, tukanakili kiungo hicho, au linki kama vijana wanavyoiita, tukakiweka katika kundi la WhatsApp la waumini. Zikaanza kumiminika shukrani na dua njema. Hatukutambua kwamba kidole chetu kilikuwa kimegusa folda nzima, wala si lile faili moja.

Baada ya Isha simu ililia. Alikuwa mzee wetu, mtu wa safu ya pili, ambaye kwa miaka mingi hajawahi kukosa katika orodha ya wanaotoa.

"Shikamoo, mzee wetu."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu amenionyesha karatasi kwenye simu. Jina la binti yangu limo."

"Karatasi gani, mzee?"

"Ya wanaopewa."

Ndani ya folda ile, hatua mbili chini ya ratiba, lilikuwamo jedwali la wajane, mayatima na wenye shida, lenye majina kamili, idadi ya watoto, namba za simu, na safu moja ya maelezo ambamo sisi wenyewe tulikuwa tumeandika sababu ya kila mmoja kustahiki. Binti wa mzee alikuwa amerejea nyumbani na watoto wawili baada ya ndoa kuvunjika. Alikwenda kwa kina mama wa kamati kwa siri, kwa kuwa hakutaka kumwongezea baba yake mzigo. Baba hakuwa na habari. Alizipata kutoka katika simu ya mtoto wa darasa la saba.

Akauliza swali moja tu: "Wameiona wangapi?"

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna. Folda ikiwa wazi kwa yeyote mwenye kiungo, anayeingia bila kutajwa kwa barua pepe yake haachi jina. Mwenye akaunti ya kawaida haonyeshwi ni nani waliofungua wala ni nani waliopakua. Kundi lile lilikuwa na watu zaidi ya 150, na katika hao wapo waliokwisha kupeleka kiungo katika makundi mengine, kwa nia njema kabisa, ili ndugu zao wa Murongo na Kaisho nao wapate ratiba. Tuliifunga folda usiku uleule. Kuifunga kulizuia watakaokuja, lakini hakukumfuta yeyote ambaye tayari alikuwa na nakala kwenye simu yake.

Tangu hapo tumejifunza jambo hili kwa bidii ya mtu aliyeaibika, na tunaona ni haki tuwagawie wasomaji tulichokipata, hasa kwa kuwa barua tunazoletewa zinaonyesha kwamba tatizo haliko katika misikiti pekee. Mama mmoja wa Kyerwa alituandikia kwamba mwanawe alipokuwa akituma vyeti vyake kuomba mkopo wa elimu ya juu, alimpa mtu wa steshenari kiungo cha folda ya familia, na humo kulikuwa na wosia wa marehemu baba, ambao wanandoa na watoto wote walikuwa hawajausoma. Wosia ukasomwa kwanza na kijana wa kuchapa nakala.

Tuanze na kile ambacho hatukukijua. Hifadhi hizi za mtandaoni, ambazo watu wameziita wingu, zina kabati na zina karatasi. Google Drive ilianza kutumika Aprili 24, 2012, na humpa kila mwenye akaunti nafasi ya GB 15 bila malipo, nafasi ambayo hugawanywa na barua pepe zake na picha zake. Dropbox iliitangulia kwa miaka kadhaa. Katika zote mbili, kila folda ina kiungo chake na kila faili lina kiungo chake. Kiungo cha folda ya Drive hutambulika kwa urahisi, kwa sababu ndani yake kuna neno folders, hivi: drive.google.com/drive/folders, kisha mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Kiungo cha faili huwa hivi: drive.google.com/file/d, kisha mfululizo wake, kisha neno view. Lau tungalikisoma kiungo kabla ya kukituma, neno moja lingalituokoa. Tangu siku ile hatutumi anwani yoyote bila kuisoma, kama ambavyo mtu hatii saini hati asiyoisoma.

Jambo la pili, ambalo ni zito zaidi, ni kwamba ruhusa hurithiwa. Ukiifungua folda kwa wote, kila kilichomo humo kinafunguka pamoja nayo, pamoja na folda ndogo zilizomo ndani yake, na pamoja na faili utakaloliweka humo kesho au mwaka ujao ukiwa umekwisha kusahau kwamba mlango uko wazi. Wako makatibu wanaodhani kwamba wakituma kiungo cha faili moja wamekwisha kujilinda. Sivyo, ikiwa folda yenyewe iliachwa wazi tangu zamani na kiungo chake kinazunguka. Kwanza funga folda, ibaki kwa wanakamati waliotajwa kwa barua pepe zao; kisha rudi kwenye faili lenyewe, bonyeza vidoti vitatu vilivyo pembeni yake, ingia kwenye ruhusa, na ulifungue faili hilo peke yake kwa yeyote mwenye kiungo, kwa kutazama tu, si kuhariri. Hapo ndipo unaponakili kiungo.

Sisi tulikwenda mbele kidogo. Tulitengeneza folda mbili zisizokaa pamoja, moja tukaiita Hadharani, nyingine Amana. Ratiba, matangazo ya mihadhara, mitaala ya madrasa na fomu za kuandikisha watoto hukaa Hadharani. Majina ya watu, fedha za watu na siri za watu hukaa Amana, na folda hiyo haijawahi kuwa na kiungo cha wote hata kwa dakika moja. Faili likihamishwa kutoka folda iliyo wazi kwenda folda iliyofungwa, linaacha ruhusa lililoirithi kule lilikotoka na kufuata za huko liendako. Lakini ikiwa wewe mwenyewe uliwahi kulifungua faili hilo peke yake, ruhusa hiyo huhama nalo. Kwa hiyo baada ya kuhamisha, kagua faili moja moja. Kazi hiyo ilituchukua usiku mzima wa Alhamisi, na tulikuta mambo mengine ambayo hatukuyatarajia, likiwamo faili la akaunti ya benki ya msikiti lililokuwa wazi tangu enzi za katibu aliyetutangulia. Hatumlaumu. Alikuwa na haraka zake, nasi tulikuwa na zetu.

Sasa tuingie katika swali ambalo vijana hutuuliza zaidi, nalo ni la kiungo cha moja kwa moja. Kiungo cha kawaida cha Drive hakikupi faili, bali hukupa ukurasa unaokuonyesha faili. Kwa mwenye simu janja nzuri na kifurushi kipana tofauti hiyo haionekani. Lakini wako kina mama wanaotumia simu ndogo, na wako wanaonunua bando la siku kwa fedha za kuhesabu, ukurasa ule huchelewa kufunguka, wakati mwingine hutaka wapakue programu, wakati mwingine huwauliza akaunti, na mama anakata tamaa akisema, "Katibu, hii kitu yako inaniomba nywila." Kumbe alichohitaji ni karatasi ya KB 200.

Njia ipo. Chukua kile kiungo cha faili, tenga ule mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu ulio baina ya d na view, kisha uuweke mwishoni mwa anwani hii: drive.google.com/uc?export=download&id= na mfululizo ufuate papo hapo bila nafasi. Anayebonyeza kiungo hicho hapiti kwenye ukurasa. Faili linaanza kushuka katika simu yake. Tahadhari ni mbili. Herufi kubwa na ndogo si sawa katika mfululizo huo, kwa hiyo unakiliwe kama ulivyo, usiandikwe kwa mkono. Na faili likiwa kubwa, yaani linapozidi kiasi cha MB 100, Google hushindwa kulikagua kama lina virusi, hivyo huweka ukurasa wa onyo na kumtaka mpakuaji athibitishe kwanza. Ndiyo maana darasa refu la tafsiri lililorekodiwa kwa video halishuki kwa mbofyo mmoja, ilhali lile la sauti hushuka bila tabu. Ustadh anayerekodi mawaidha ayahifadhi kwa sauti. Wasikilizaji wake wengi humsikiliza wakiwa wanapalilia maharage, hawana haja ya kumtazama.

Hati iliyoandikwa ndani ya Google yenyewe, ile ambayo kiungo chake huanza na docs.google.com/document/d na kuishia na edit, ina njia yake: ondoa neno edit na yote yanayolifuata, weka export?format=pdf, nayo itashuka ikiwa PDF, ambayo kila simu huisoma na ambayo mpokeaji haibadilishi kwa bahati mbaya. Kwa upande wa Dropbox kazi ni nyepesi mno. Kiungo chake hubeba mwishoni dl=0; badili sifuri iwe moja, isomeke dl=1, na faili linashuka moja kwa moja. Ukiweka raw=1 badala ya hiyo, faili hufunguka lenyewe ndani ya kivinjari bila mapambo ya pembeni, jambo linalofaa kwa picha ya tangazo. Hadi mwaka 2017 Dropbox ilikuwa na folda maalumu ya hadhara ambayo kila kilichowekwa humo kilipata kiungo cha moja kwa moja. Waliifunga, na viungo vingi vilivyokuwa vimesambazwa vikafa siku hiyo. Tunalitaja hili kwa sababu njia hizi tulizozieleza si ahadi ya milele. Mwenye wingu akitaka kubadili anwani zake hatatuuliza, na faili lenye thamani lisiwe na makazi huko peke yake.

Folda yenyewe haina kiungo cha namna hiyo. Ukitaka kuipakua nzima, hufungwa kwanza kuwa furushi moja la zip, na simu nyingi za huku humwacha mwenye nazo akilitazama furushi asijue alifungueje. Ikiwa darasa lina masomo 12, toa viungo 12 na uvipange katika ujumbe mmoja, kila kimoja na jina la somo lake. Ni kazi ya dakika 20 kwa mtumaji, lakini inawapunguzia adha wapokeaji mia.

Baadhi ya ndugu wamechukua elimu hii wakadhani kwamba kiungo kirefu chenye herufi zisizosomeka ni kufuli. Kiungo si kufuli. Ni kweli kwamba hakuna atakayekibahatisha kwa kukisia, lakini hakihitaji kukisiwa na mtu aliyetumiwa. Zamani barua za huku zilikwenda mikononi mwa watu. Pale Kafuro, karibu na Bweranyange, palipokuwa kituo cha wafanyabiashara Waarabu katika zama za Mukama Rumanyika, Stanley aliandika barua mwezi Machi 1876 ambazo zililazimika kubebwa kwa miguu kuelekea pwani. Barua moja ilikuwa na mbebaji mmoja, na ikipotea ilijulikana imepotea mikononi mwa nani. Kiungo cha leo kikitoka katika simu yako kinakuwa na wabebaji mia kwa saa moja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeiba kitu. Kwa hiyo chenye siri kisipewe kiungo cha wote kabisa, hata kiwe kirefu namna gani. Kifunguliwe kwa barua pepe ya mtu anayehusika, ili asiyetajwa akikibonyeza akutane na mlango uliofungwa.

Kuna njia rahisi ya kujihakiki ambayo tunawasihi makatibu, walimu wakuu wa madrasa na akina baba wenye mafaili ya familia waizoee. Kabla ya kutuma, kibonyeze kiungo chako katika simu ya mtu mwingine, au katika hali fiche ya kivinjari chako, ambayo haikumbuki kwamba wewe ndiye mwenye nyumba. Ukiona ulichokusudia na hakuna kingine, tuma. Sisi tungalifanya hivyo pale Omurushaka kwa simu ya yule kijana wa steshenari, tungaliona folda saba zimejipanga mbele yetu.

Suala la kusahihisha nalo limetusumbua. Mwezi ukiandama siku tusiyoitarajia, ratiba hubadilika tarehe. Wengi hufuta faili la zamani na kupakia jipya. Kiungo cha kwanza kinakufa, na waliokibandika ukutani au waliokihifadhi hubaki na anwani ya nyumba iliyobomolewa. Drive ina sehemu ya kusimamia matoleo ya faili: unapakia toleo jipya juu ya lile la zamani, na kiungo kinabaki kilekile. Toleo la awali nalo hutunzwa kwa siku 30 kabla halijafutwa, kwa hiyo aliyekosea ana muda wa kurudi nyuma.

Tuseme kidogo juu ya akaunti. Folda ya kamati yetu ilikuwa katika barua pepe binafsi ya katibu. Misikiti mingi tuliyoitembelea Karagwe na Kyerwa hali ni hiyo, na si misikiti tu. Vikundi vya kuweka na kukopa, kamati za shule na hata koo zenye mafaili ya mashamba hufanya vivyo hivyo. Katibu akihama au akifariki, funguo zinaondoka naye. Google ilitangaza Mei 2023 kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, na utekelezaji ukaanza Desemba mwaka huohuo. Hati ya wakfu iliyopigwa picha na kuwekwa huko, kisha nakala yake ya karatasi ikaliwa na mchwa, inaweza kutoweka kwa sababu tu mtu mmoja alipata simu mpya na barua pepe mpya. Kamati ifungue akaunti kwa jina la kamati, nywila yake iandikwe na kufungiwa katika bahasha ndani ya sanduku la msikiti, na watu wawili wajue. Akaunti hiyo ifunguliwe na kutumiwa walau kila mwezi.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, nayo haiyahusu makampuni makubwa peke yake. Anayekusanya majina, namba za simu na hali za watu anabeba wajibu wa kuzilinda na kuzitumia kwa lile lengo lililozikusanyia, na taarifa za watoto zimewekwa katika fungu la zile nyeti. Orodha yetu ya mayatima ilikuwa na watoto wadogo, kwa majina yao na shule zao. Hakuna aliyetupeleka mahali. Lakini tulipoisoma sheria hiyo tuliona aya za waja wakiyasema kwa lugha ya vifungu mambo ambayo tulikwisha kuyasoma chuoni kwa lugha nyingine: aya ya 27 ya Suratun-Nur inayomkataza mtu kuingia nyumba isiyo yake mpaka apate idhini na awasalimu wenyewe, na aya ya 271 ya Suratul-Baqara inayoifadhilisha sadaka inayofichwa na kuwafikia mafakiri. Tulizihifadhi aya hizo kwa moyo tangu tukiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Hazikutujia pale steshenari.

Orodha yenyewe tumeibadilisha sura. Katika faili la mtandaoni sasa kuna namba na idadi ya watoto tu. Hakuna jina wala maelezo. Daftari linalounganisha namba na majina ni la karatasi, linakaa katika sanduku la chuma, na ufunguo wake uko kwa mama mmoja wa kamati ambaye hana simu janja. Safu ile ya sababu tumeifuta kabisa. Tulipoulizana kikaoni ni nani aliyewahi kuihitaji, hakuna aliyeinua mkono. Tulikuwa tumeiandika kwa sababu jedwali lilikuwa na nafasi.

Kwa familia tunashauri jambo dogo. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, vyeti vya shule na picha ndogo za mtoto anayeomba chuo au mkopo vitengewe folda yake peke yake, isiyokaa ndani ya folda ya familia. Steshenari apewe kiungo cha faili analolichapa, na kazi ikiisha ruhusa ifungwe hapohapo dukani kabla hamjaondoka, maana mkifika nyumbani mtasahau. Wosia, talaka, hati za kibanja na karatasi za hospitali havina haja ya kuwa na kiungo cha wote siku yoyote.

Tuliokosa tulikwenda nyumbani kwa mzee siku ya pili, sisi na imamu. Alitupokea barazani, akatuandalia chai, akazungumza juu ya mvua na bei ya kahawa kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Tulipoomba radhi alisema amesamehe, kisha akasema, "Mimi nimesamehe langu. La binti yangu mwulizeni mwenyewe." Binti alituma jibu kupitia kwa mama yake kwamba jina lake lifutwe. Tukalifuta. Tukamweleza imamu kwamba haki yake haifutiki kwa kufutwa jina, naye akasema hilo ni kweli, lakini mtu halazimishwi kupokea.

Siku ya Idd mfuko wake wa mchele na maharage ulibaki stoo. Usiku wa pili wa Shawwal mama mwenye ufunguo wa sanduku aliubeba mwenyewe, bila taa, akaupeleka. Ulirudishwa alfajiri, ukiwa umefungwa vilevile.

Mzee bado huswali katika safu ya pili, na husalimiana nasi kwa mikono miwili kama zamani. Mwaka huu, Shaaban ilipokuwa ikielekea ukingoni, tulituma ratiba katika kundi, faili moja, kiungo cha moja kwa moja, kimejaribiwa kwanza katika simu ya mtu mwingine. Watu wakashukuru. Yeye alitungoja mlangoni baada ya Adhuhuri akauliza kama inawezekana apatiwe yake kwa karatasi. Tuliichapa pale Omurushaka, tukampelekea jioni ile.